Sphinx wa Liuli na Magoma ya Mbinga: Tusiuze Mbamba Bay Ikiwa Bado Ua

Kuna jiwe pale Liuli, mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Wenyeji wanaliita Pomonda. Ukilitazama jua likiwa linashuka upande wa Malawi, unaona kama mnyama mkubwa aliyelala, kichwa juu, anayatazama maji. Wajerumani walipofika na meli zao enzi za ukoloni, wao walikumbuka Misri. Walikumbuka lile sanamu la Giza (Giza jina la mahali, si giza la usiku) lenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, liitwalo Sphinx. Basi bandari ya Liuli wakaipa jina Sphinxhafen, yaani Bandari ya Sphinx.

Wengi wetu hatulijui hilo. Tunaisoma Misri darasani kama nchi ya mbali, ya piramidi na mafarao, kumbe kuna kipande cha jina lake kilishabandikwa kwenye jiwe letu zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Mwezi uliopita nilikuwa huko. Nimezaliwa milimani, Umatengoni, lakini mama yangu ni mtu wa ziwani. Nilishuka kutoka Mbinga asubuhi kwa ile lami ya kilomita 66 mpaka Mbamba Bay, halafu nikatafuta usafiri wa kwenda Liuli. Pale ufukweni nikamkuta mzee mmoja anashona nyavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umetokea wapi?"

"Mbinga. Ila mama yangu wa huku huku."

"Kumbe mpwa wetu! Kaa hapo kwenye mtumbwi."

Tukaongea. Nikamweleza habari ya Sphinx. Akacheka, akasema jambo ambalo limenifanya niandike makala hii: "Mpwa wangu, wao waliona mnyama wa Misri, sisi tunaona jiwe. Wageni wanakuja, wanapiga picha, wanaondoka. Sasa tunasikia meli kubwa zinakuja Mbamba Bay. Nazo si zitapiga honi tu na kuondoka?"

Nilitaka kumjibu palepale kwamba hapana mjomba, bandari ni maendeleo. Nikajikuta nimenyamaza. Jibu linategemea mambo ambayo hatujayakalia kikao.

Ndugu zangu, Mbinga na Nyasa ziko kwenye kipindi ambacho hakitarudi. Lami imefika ziwani. Umeme wa gridi ya taifa uliingia mkoa wa Ruvuma mwaka 2018, tukaachana na majenereta. Meli ya abiria MV Mbeya II ilianza safari mwaka 2021, inabeba watu 200 na mizigo tani 200. Meli za mizigo MV Njombe na MV Ruvuma, tani 1,000 kila moja, ziliundwa kule Kyela. Serikali imeingia kwenye ujenzi wa bandari ya kisasa Mbamba Bay. Na kila mara inatajwa ile reli ya kutoka Mtwara mpaka Mbamba Bay, ambayo mpaka leo haijajengwa. Wakubwa wanaita yote haya Ushoroba wa Mtwara. Kwa Kiswahili cha kijiweni: sisi tunataka kuwa njia. Mzigo utoke Bahari ya Hindi, upite kwetu, uvuke ziwa kwenda Malawi na mbele yake.

Sasa kama kuna nchi Afrika inayojua maana ya kuwa njia, ni Misri. Na ndiyo maana nataka tuisome Misri vizuri. Tuwaache mafarao kwanza, tusome mfereji.

Mfereji wa Suez ulifunguliwa Novemba 1869. Aliyekuwa akitawala Misri ni Khedive Ismail. Jamaa alikuwa na ndoto kubwa: reli, shule, mifereji ya umwagiliaji, mji wa Kairo ufanane na Paris. Pesa alizitegemea wapi? Kwenye pamba. Marekani ilipokuwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, viwanda vya Uingereza vilikosa pamba ya kule, bei ya pamba ya Misri ikapaa. Ismail akakopa kwa kuiangalia bei ile. Vita ikaisha, bei ikashuka, madeni yakabaki palepale.

Mwaka 1875 akazidiwa. Akauza hisa zote za Misri kwenye mfereji kwa serikali ya Uingereza, kwa takriban pauni milioni 4. Mfereji una miaka sita tu tangu ufunguliwe! Mwaka 1876 wadai wa Ulaya wakaunda tume ya kusimamia madeni ya Misri. Mwaka 1879 Ismail akaondolewa madarakani. Mwaka 1880 ile asilimia 15 ya faida ya mfereji iliyokuwa imebaki kwa Misri nayo ikauzwa. Mwaka 1882 jeshi la Uingereza likaingia. Kwa hiyo kwa miaka mingi Misri ilikuwa na mfereji uliochimbwa na wakulima wake, ndani ya ardhi yake, meli za dunia nzima zinapita, halafu yenyewe haina hisa wala gawio. Ilipofika Julai 26, 1956, Gamal Abdel Nasser akautaifisha, na miezi michache baadaye Israeli, Uingereza na Ufaransa wakaivamia nchi yake kwa sababu hiyo.

Mtu wa Mbinga akisikia hadithi ya Ismail hahitaji profesa wa historia kumfafanulia. Kwetu ina jina. Inaitwa magoma.

Kwa wasiojua: magoma ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini. Wenzetu wa Kagera wanaita butura, watu wa korosho kule kusini wana kangomba yao. Mambo ni yaleyale. Kipindi kile cha Desemba mpaka Machi, ghala la mahindi linapungua, watoto wanatakiwa shule, mgonjwa anatakiwa hospitali. Kahawa ipo mtini, kijani kabisa. Anakuja mtu mwenye pesa: "Shika hizi, msimu ukifika utanipa kahawa." Bei anapanga yeye. Hakuna karatasi, au karatasi anayo yeye.

Sisemi habari za kusikia. Miaka ya tisini nilichaguliwa kwenda sekondari. Januari, karo hakuna. Baba, mtu mwenye miti yake ya kahawa aliyoirithi kwa babu, alikwenda kwa jamaa mmoja mwenye duka, akarudi na pesa. Mimi nikaenda shule na sanduku jipya. Msimu ulipofika bei ya kahawa ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile tuliyopewa. Nilikuwa likizo siku jamaa alipokuja na gari kupakia. Baba alisaidia kubeba magunia mwenyewe, hakusema neno. Jioni alikwenda shambani peke yake, alirudi usiku. Mwaka uliofuata tukaingia magoma tena, kwa sababu mavuno yaliyotakiwa kututoa yalikuwa yameshakwenda. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba magoma ya kwanza ndiyo yanazaa ya pili.

Simlaumu baba. Kama asingefanya vile nisingekuwa naandika hapa leo. Na kusema kweli, hata yule mwenye duka alikuja wakati ambao hakuna mwingine aliyekuja. Ugonjwa uko hapo: kati ya Desemba na Machi, mkulima mwenye mali mtini hana pa kukopa kwa haki.

Wazee wetu walijaribu kulitibu hilo. Kahawa ilianza kuota mizizi Umatengoni miaka ya 1920. Mwaka 1936 kikaundwa chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, miaka ishirini na mitano kabla ya uhuru. Baadaye serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, ikavirudisha kuanzia 1982, na Mbinga ikaja kuwa na chama kikuu chake, MBICU. Ukiongea na watu wazima wa pale watakwambia kulikuwa na raha ya aina yake enzi hizo. Halafu katikati ya miaka ya 1990 soko likafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia, na MBICU ukaanguka na madeni yake. Mwaka 2018 serikali ikaamuru kahawa irudi kuuzwa kupitia vyama vya msingi, AMCOS. Magoma yamepigwa marufuku na viongozi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lakini marufuku hailipi karo. Ukimkataza mtu magoma bila kumpa pa kukopa, magoma yanahamia usiku.

Sasa tutoke kwenye kahawa twende kwenye makaa ya mawe, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu inakuwa kubwa kuliko mkulima mmoja.

Makaa ya Ngaka, wilayani Mbinga, yalianza kuchimbwa kibiashara mwaka 2011 na kampuni ya ubia: NDC kwa niaba ya serikali asilimia 30, mwekezaji kutoka Australia asilimia 70. Mwanzoni wateja wakubwa walikuwa viwanda vya saruji vya ndani. Halafu bei ya dunia ikapanda, vita ya Ukraine ya 2022 ikaipandisha zaidi, na makaa ya Ruvuma yakaanza kushuka kwa malori kwenda bandari ya Mtwara na kuvuka bahari. Aliyepita barabara ya Songea kipindi hicho anajua. Malori yanafuatana kama siafu.

Nauliza swali dogo tu: mtu wa Mbinga, kwenye kila lori lile, anabaki na nini? Kuna ajira, ndiyo. Kuna mama lishe na nyumba za wageni, ndiyo. Kuna ushuru wa huduma ambao sheria ya fedha za serikali za mitaa inaruhusu halmashauri kutoza kwa asilimia ndogo ya mauzo. Lakini nenda kijiji chochote kinachopakana na machimbo, tafuta ubao wa matangazo, uniambie kama umeona imeandikwa: mwezi huu yametoka makaa tani kadhaa, halmashauri imepata kiasi kadhaa, kimejenga hiki. Mimi kwenye vijiji nilivyopita nimeona ubao una tangazo la chanjo na la mkutano ulioahirishwa.

Kahawa, miti ikitunzwa, itachanua tena mwakani. Makaa yakichimbwa yamekwenda. Kwa hiyo magoma ya makaa ni mabaya kuliko magoma ya kahawa.

Na ziwa je? Ziwa lenyewe liliwekwa magoma kabla babu zetu hawajaulizwa. Julai 1, 1890, Wajerumani na Waingereza walitiliana saini Berlin mkataba wa kugawana maeneo: huku Zanzibar, kule kisiwa cha Heligoland, katikati mipaka ya Afrika Mashariki. Kwa Ziwa Nyasa waliandika mpaka upite ukingo wa mashariki, yaani upande wetu. Waliuziana maji ambayo hawajawahi kuoga. Malawi inausimamia mkataba huo mpaka leo. Kwa hesabu hiyo mtoto wa Liuli akiingia majini mpaka magotini ameshavuka mpaka! Tanzania inasema mpaka uko katikati ya ziwa, kama ilivyo kawaida ya maji yanayopakana nchi mbili, na inaonyesha ramani za enzi za Waingereza zenye mstari huo.

Hapa napo Misri inaingia, tena mara mbili.

Mara ya kwanza ni Mto Nile. Mwaka 1929 Uingereza, kwa niaba ya makoloni yake, ilikubaliana na Misri kwamba kazi yoyote ya kuathiri maji yanayokwenda Nile, pamoja na ya Ziwa Victoria, isifanyike bila Misri kuridhia. Mwaka 1962 Tanganyika huru ikaziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba mkataba ule hautufungi. Wanasheria wanaita msimamo ule Nyerere Doctrine: nchi huru hairithi kila karatasi ya mkoloni. Miaka ya 2000 tukachota maji ya Ziwa Victoria tukayapeleka Kahama na Shinyanga, na Misri ikanung'unika. Mkataba mpya wa nchi za bonde la Nile, uliofunguliwa kusainiwa Entebbe mwaka 2010, ulianza kufanya kazi Oktoba 2024 ingawa Misri na Sudan waliukataa.

Mara ya pili ni Kairo kwenyewe. Julai 1964, siku chache baada ya Malawi kupata uhuru, wakuu wa OAU walikutana Kairo wakaazimia kuheshimu mipaka iliyokuwepo wakati wa uhuru. Mwalimu alikuwa mstari wa mbele kulitetea azimio lile, na sababu yake ilikuwa nzuri: bila hivyo Afrika ingechinjana. Sasa Malawi wanatushikia azimio hilohilo. Kwa hiyo kwenye Nile tunasema karatasi ya mkoloni haitufungi, kwenye Nyasa tunaambiwa karatasi ya mkoloni inawafunga. Tofauti zipo, na wanasheria wetu wanazo hoja zao: mkataba wa matumizi ya maji si sawa na mkataba wa mpaka, na ramani za Waingereza zenyewe zinagongana. Lakini tusijifanye kwamba hoja ni nyepesi.

Mwaka 2011 Malawi ilitoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani kwa kampuni ya Uingereza. Agosti 2012 mambo yakapamba moto, magazeti yakaandika vita, na suala likaenda kwa marais wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano wa Msumbiji. Mpaka naandika haya hakuna mwafaka uliotiwa saini. Mafuta yenyewe hayajaonekana, yameshagombewa.

Nilimuuliza mjomba wa Liuli kuhusu mpaka. Akaniambia, "Mpaka wetu ni upepo. Mwera ukivuma haturudi salama, sisi wala hao wa Malawi. Usipa ukija huku tunavua sisi, ukienda kule wanavua wao. Na sisi tuna ndugu kule." Ni kweli. Watu wa mwambao huu walikuwa wakioana na kuzikana na watu wa ng'ambo kabla ya karatasi ya Berlin. Lakini mstari usiojulikana ni hasara kwa mvuvi kuliko kwa waziri, maana waziri halali ziwani. Bandari kubwa inajengwa kwenye ufukwe ambao jirani anasema maji yake si yetu. Tukipata makubaliano ya kutumia ziwa kwa pamoja, hata kabla ya mstari kuamuliwa, mvuvi atapumua na bandari itapata wateja. Wateja wenyewe si haohao Wamalawi?

Narudi kwenye hoja. Kuna wadau najua watasema, "Bwana wewe, unataka kuzuia bandari?" Hapana. Naitaka bandari kuliko ninyi. Nimevuka ziwa hili nikiwa mtoto kwa mtumbwi, mama ananishika mkono na mwingine ameshika rozari. Ninachosema ni kwamba Misri ilichimba mfereji kwanza, ikajiuliza nani atafaidi baadaye. Jibu likachukua miaka themanini na saba kufika.

Na Misri ya leo inatufundisha jambo la pili, ambalo wanaomsifu Nasser hulisahau. Kumiliki njia peke yake hakutoshi. Mwaka 2023 Mfereji wa Suez uliingizia Misri zaidi ya dola bilioni 10. Mwaka 2024, baada ya Wahouthi wa Yemen kushambulia meli Bahari ya Shamu na wenye meli kuamua kuzunguka Afrika Kusini, mapato yakashuka mpaka karibu dola bilioni 4. Misri haikukosea lolote pale. Mpita njia amebadili njia, mwenye njia amebaki anahesabu hasara, wakati nchi ina madeni makubwa na sarafu yake ilishushwa thamani Machi mwaka huohuo. Kwa hiyo Mbamba Bay isiwe mahali pa kupitisha tu. Lazima kuwe na kitu chetu kinachopandishwa melini: kahawa iliyokaangwa na kufungwa Mbinga, usipa uliokaushwa vizuri na kupakiwa, mahindi na maharage ya milimani.

Halafu tusifikiri Wamisri ni wa kuwasoma vitabuni tu. Kampuni zao mbili, Arab Contractors na Elsewedy Electric, ndizo zilizojenga Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, megawati 2,115, mtambo wa tisa na wa mwisho ukiwashwa mwaka 2025. Na moja ya mito inayouzaa Rufiji ni Luwegu, unaochota maji yake mkoani Ruvuma. Nchi iliyokuwa inatuzuia maji kwa karatasi ya 1929 imekuja kutujengea bwawa kwa mkataba wa kazi. Dunia inazunguka. Anayejua anachotaka anaweza kukaa meza moja na yeyote.

Je, sisi tunajua tunachotaka? Mimi nadhani wazee wetu walijua.

Wamatengo walipobanwa milimani na vita vya Wangoni karne ya 19, walijikuta wengi kwenye miteremko mikali. Mvua ya kule ukiiachia inabeba udongo wote mpaka bondeni. Wakabuni ngoro. Wanaume wanafyeka majani na kuyapanga miraba miraba shambani, wanawake wanachimba udongo katikati ya mraba na kuyafunika majani. Ukimaliza, mlima mzima una vishimo kama sega la nyuki. Maharage kwanza, mahindi baadaye, majani yanaoza yanakuwa mbolea. Mvua ikinyesha maji hayakimbii. Kila shimo linashika kiasi chake, yanazama taratibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Kyoto, Japani, walikuja miaka ya 1990 kujifunza jambo hili kwa bibi zetu.

Na walikuwa na sengu. Wanaume wa ukoo wanakula pamoja kwa mzee, na chakula kikiisha mambo yanawekwa wazi: nani hana mbegu, nani mgonjwa, nani amegombana na nani mpaka wa shamba. Mwenye njaa Januari alijulikana Januari, hakusubiri mwenye duka amgundue. Sengu ilififia baada ya uhuru, hasa tulipohamishiwa vijijini. Sisemi turudi kulala kwenye nyumba za majani. Nasema AMCOS iliyo na roho ya sengu ndiyo itakayoua magoma, na halmashauri yenye akili ya ngoro ndiyo itakayoshika fedha ya makaa kabla haijateremka yote.

Hata huku ziwani walikuwa na akili hiyohiyo. Ile ngoma ya mganda, vijana wamevaa nyeupe, wamejipanga mistari, wanapiga hatua kama askari, imetoka kwenye gwaride la wakoloni. Mwaka 1914 Waingereza kwa meli yao Gwendolen walikuja kuipiga hapohapo Sphinxhafen meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, nahodha wake hata hajasikia kwamba kuna vita. Wageni walipigana wakaondoka. Watu wetu wakachukua gwaride lao wakaligeuza ngoma yetu, wanawake nao na kioda yao. Mgeni alipita, lakini aliacha kitu mikononi mwetu, na tukakifanya chetu.

Basi napendekeza mambo matatu, wala si makubwa.

Kwanza, AMCOS za kahawa ziwe na mfuko wa mikopo midogo ya Desemba hadi Machi, dhamana ikiwa kahawa ya msimu, riba ijulikane, karatasi abaki nayo mkulima pia. Benki za ushirika zipo, zije Mbinga.

Pili, kila halmashauri yenye makaa ibandike kijijini, kila mwezi, tani zilizotoka na pesa iliyoingia. Kwa kalamu ya rangi inatosha. Hatuhitaji mshauri mwelekezi kutoka nje.

Tatu, kabla meli ya kwanza kubwa haijafunga kamba Mbamba Bay, wavuvi na wafanyabiashara wa mwambao, kuanzia Lituhi mpaka Mbamba Bay, waitwe waambiwe: sehemu ya mitumbwi iko wapi, chumba cha baridi cha samaki kiko wapi, kazi za kupakua ni za nani. Yaandikwe. Baada ya bandari kufunguliwa watakuwa wameshachelewa.

Wakati naondoka Liuli mjomba alikuwa amemaliza kushona wavu wake. Alinifungia usipa mkavu kwenye gazeti, akakataa pesa. Akanyoosha mkono kwenye lile jiwe. "Waambie huko mjini," akasema, "huyu mnyama wao ametazama meli miaka yote hii. Hajawahi kulipwa hata senti."

Ujumbe nimefikisha. Karibuni tujadili, hasa ninyi wa Mbinga, Nyasa na Songea. Kama nimekosea mahali, nirekebisheni bila jazba.